Halmashauri, ugatuzi, mamlaka ya pekee au shirikisho: mizani ya kupimia rasimu ya katiba

Sema "majimbo" ukiwa Dar es Salaam, na watu watawaza mbunge na mipaka ya eneo lake. Lubumbashi, jimbo ni mkoa mkubwa wenye gavana na bunge lake. Nakuru au Eldoret wapo wazee watakaokutazama mara mbili kabla ya kujibu, kwa sababu miaka ya 1990 neno hilo lilitumiwa majukwaani kuwaambia majirani warudi "kwao".

Kwa hiyo mtu anayesema anataka madaraka yashuke kutoka serikali kuu bado hajasema jambo kamili. Zipo njia kama nne za kuyashusha. Kila moja ina ibara zake, mfuko wake na namna yake ya kuvunjika. Hapa nazipanga sambamba na kuzipima kwa vipimo vilevile, kwa ajili ya yule aliyekwama katikati: ameshachoka na kila kitu kuamuliwa makao makuu, lakini hana uhakika kama dawa anayouziwa si ugonjwa mwingine.

Vipimo kwanza

Cha kwanza nakiita kufuli. Nani anaweza kuyarudisha madaraka makao makuu, na kwa utaratibu gani? Kiswahili kimetupa maneno mawili ambayo wanasiasa hupenda kuyachanganya: kukasimu na kugatua. Bosi anayekasimu madaraka kwa msaidizi wake anaweza kuyachukua kesho asubuhi akirudi safari. Anayegatua amekabidhi. Rasimu nyingi hugatua kwenye utangulizi, kisha hukasimu kwenye ibara.

Cha pili ni pesa: zinakusanywa na nani, zinalala wapi, na nani anaziachia. Katiba ya Kongo ya 2006, ibara ya 175, inasema asilimia 40 ya mapato ya kitaifa yabaki mikoani, yakatwe palepale yanapokusanywa. Miaka imepita, pesa bado zinakwenda Kinshasa kwanza na kurudi kwa matone. Asilimia iliyoandikwa ni jambo moja, na akaunti ya benki ni jambo jingine.

Cha tatu ni mwajiri. Anayeajiri na kufukuza ndiye anayesikilizwa. Cha nne ni wachache: madaraka yakishuka, nani anageuka mgeni mahali alipozaliwa? Cha tano ni gharama ya viti, magari na posho.

Halafu nina jaribio langu mwenyewe, la zahanati. Ni Jumatatu asubuhi, mama amefika na mtoto mwenye homa. Muuguzi anafungua kabati, ndani mna glavu na kadi za kliniki, dawa hakuna. Nani wa kubanwa, na je, mama huyo ana uwezo wa kumng'oa?

"Umoja wa taifa" sikuuweka kama kipimo. Si kwamba ni jambo dogo, ila kila upande huutaja, na kila upande una nchi yake ya kuutolea mfano.

Njia ya kwanza: halmashauri chini ya sheria ya Bunge

Mfano ulio karibu ni Tanzania Bara, na Uganda kwa kiasi chake.

*Kufuli.* Katiba ya Tanzania ya 1977 ina ibara ya 145 inayoagiza kuwepo kwa serikali za mitaa, na ya 146 inayotaja lengo lake, yaani kupeleka madaraka kwa wananchi. Maneno mazuri. Lakini majukumu yenyewe na mapato yameachwa kwa sheria za Bunge, hasa Na. 7 na Na. 8 za 1982, na sheria hurekebishwa kwa sheria. Mwaka 1972 halmashauri za wilaya zilifutwa, tena kwa mpango ulioitwa Madaraka Mikoani. Zikarudi kwa sheria za 1982 na kuanza kazi 1984. Tukija karibu zaidi, barabara za vijijini na mijini zilipelekwa kwa wakala wa TARURA mwaka 2017, maji ya vijijini kwa wakala wa RUWASA mwaka 2019, na kodi ya majengo ilihamia TRA, mamlaka ya mapato ya taifa, hadi mwaka 2021 ilipoanza kukatwa kwenye LUKU, umeme wa kulipia kabla. Hakuna hata moja kati ya hayo lililohitaji kura ya maoni. Februari 2021 Rais Magufuli aliivunja Halmashauri ya Jiji la Dar es Salaam na kuipandisha Ilala kuwa jiji. Ilikuwa kazi ya tangazo moja.

Wepesi huo si dhambi peke yake. Halmashauri yenye mhandisi mmoja na greda bovu haiwezi kuhudumia barabara, na wakala mmoja anaweza kuwakusanya wahandisi na mitambo. Ukiamini kwamba serikali kuu kwa kawaida ina nia njema na watu wenye ujuzi ni wachache, utaona mantiki yake. Ila nguo ya kuazima haisitiri maungo: mwenye nayo akiitaka, hakuna mahakama ya kumzuia.

*Pesa.* Kodi ya maendeleo, ile wazee waliyoiita kodi ya kichwa, ilifutwa mwaka 2003. Kilichobaki ni ushuru wa mazao, ushuru wa huduma, leseni na vibanda vya soko. Mishahara na miradi mikubwa huja kama ruzuku. Hata mapato ya ndani yana maelekezo kutoka juu: asilimia 10 ni mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, kwa mgawanyo wa nne, nne na mbili. Faida yake ni kwamba muuguzi wa Kibondo analipwa kwa ngazi ileile ya mwenzake wa Arusha, ingawa Kibondo haikusanyi kama Arusha.

*Mwajiri.* Madiwani wanachaguliwa, mkurugenzi wa halmashauri anateuliwa na Rais. Mkuu wa wilaya vilevile. Diwani anaweza kumhoji mkurugenzi, kumpitishia azimio na kugonga meza, lakini kumfukuza hawezi. Uganda walianza tofauti. Katiba ya 1995 iliziachia wilaya kuajiri ofisa mkuu wao kupitia tume za utumishi za wilaya. Marekebisho ya 2005 yakaurudisha uteuzi huo Kampala.

*Wachache.* Hapa njia hii inazishinda nyingine, na wanaoipinga husahau kulitaja hilo. Mwalimu mzaliwa wa Bukoba anafundisha Mtwara na hakuna anayeona ajabu. Wilaya si ya kabila, na cheo cha wilaya si mali ya ukoo.

*Gharama.* Ndogo, mradi watu wasiingiwe na tamaa ya kugawanya. Uganda ilikuwa na wilaya chini ya 40 katikati ya miaka ya 1990, na leo zimepita 130. Kila wilaya mpya ni ofisi mpya na gari jipya, na bajeti ni ileile.

Kuna kitu kimoja katika njia hii ambacho wenye ugatuzi wangefaa kukionea wivu, nacho ni mkutano mkuu wa kijiji. Kila mkazi mtu mzima ni mjumbe, mkutano unatakiwa kuitishwa kila miezi mitatu, na mapato na matumizi husomwa mbele ya watu. Nimewahi kukaa kwenye mmoja chini ya mwembe. Mtendaji alisoma "ununuzi wa misumari", bibi mmoja akanyosha mkono kuuliza ni darasa lipi lililopigiliwa misumari hiyo, maana paa la darasa la pili bado linavuja. Mtendaji akafungua ukurasa wa mbele, akafungua wa nyuma, akaomba apewe wiki mbili. Bibi hakukaa chini mpaka tarehe ilipoandikwa. Kule Kenya, ngazi ya chini kabisa yenye mtu aliyechaguliwa ni wadi, na wadi moja inaweza kuwa na makumi ya vijiji.

*Zahanati.* Jengo ni la halmashauri, kibali cha kumwajiri muuguzi kimetoka juu, dawa zinatoka Bohari ya Dawa. Mama anaweza kumng'oa diwani, ambaye hana ufunguo wa kabati.

*Inawafaa* watu wanaoogopa siasa za ukabila kuliko wanavyoogopa urasimu, na nchi ambayo mapato yake karibu yote hukusanywa mji mmoja au miwili. Haiwafai waliokwisha kunyang'anywa mara moja na wanaotaka isijirudie.

Njia ya pili: ugatuzi uliofungiwa kwenye katiba

Kenya ya 2010. Nitakaa hapa kidogo, kwa sababu hili ndilo jaribio kubwa zaidi katika ukanda wetu na lina ushahidi wa kutosha wa kusifia na wa kulalamikia.

*Kufuli.* Wakenya waliipitisha katiba kwa kura ya maoni ya tarehe 4 Agosti 2010, ikatangazwa rasmi tarehe 27 mwezi huohuo. Kaunti 47 zimetajwa moja baada ya nyingine kwenye Jedwali la Kwanza, na kazi za kila ngazi zimegawanywa kwenye Jedwali la Nne. Kugusa malengo, misingi au muundo wa ugatuzi kunahitaji kura ya maoni: wingi wa kura, pamoja na angalau asilimia 20 ya wapiga kura waliosajiliwa katika nusu ya kaunti kujitokeza. Kufuli hilo halina upendeleo. Mpango wa kurekebisha katiba ulioitwa BBI ulikuwa umeahidi kupandisha mgao wa kaunti hadi asilimia 35, lakini ulianguka Mahakama Kuu Mei 2021, ukaanguka Mahakama ya Rufaa Agosti, na Mahakama ya Upeo ikaumaliza Machi 2022. Kwa hiyo hata aliyetaka kuongeza alizuiwa mlangoni.

Lakini kila kufuli lina ufunguo. Ibara ya 187 inaruhusu kazi kuhamishwa kati ya ngazi mbili kwa makubaliano, na Februari 2020 gavana wa Nairobi alitia saini hati iliyozikabidhi serikali ya kitaifa kazi kubwa za jiji. Kesi zikafuata. Ukilinganisha na Dar es Salaam mwaka mmoja baadaye, tofauti ni hii: Nairobi ilihitajika saini ya mchaguliwa, hati ilisomwa hadharani, na mtu aliweza kwenda mahakamani na ibara mkononi.

Upo pia ufunguo wa ibara ya 192, wa kusimamisha serikali ya kaunti nzima. Makueni waliujaribu. Mwaka 2014 ugomvi wa gavana na wawakilishi wadi ulifikia milio ya risasi pale mjini Wote, wananchi wakawasilisha ombi, tume ikaundwa na kusikiliza, na mwaka 2015 Rais Uhuru Kenyatta akakataa kuivunja kaunti. Makueni ikaendelea, na baadaye ikawa mfano unaotajwa sana wa ushirikishwaji wa wananchi kwenye miradi. Nani angetabiri?

*Pesa.* Ibara ya 203 inasema kaunti zipate angalau asilimia 15 ya mapato ya taifa. Soma mpaka mwisho: ni mapato ya hesabu za karibuni *zilizokaguliwa na kupitishwa na Bunge la Taifa*. Bunge likichelewa kupitisha hesabu, asilimia 15 inapigwa juu ya mapato ya miaka kadhaa nyuma, wakati mapato yalikuwa madogo. Kwa vitendo mgao umekuwa juu ya sakafu hiyo, na mwaka wa fedha wa 2021/22 ulifika shilingi bilioni 370. Kugawana wenyewe kwa wenyewe ndiko kulikozua kasheshe. Mwaka 2020 Seneti ilikwama wiki nyingi kuhusu fomula: wenye watu wengi walitaka hesabu ya vichwa, wenye ardhi kubwa na barabara ndefu za vumbi walitaka ukubwa uhesabiwe. Mwafaka ulipatikana Septemba, baada ya kuahidiwa kwamba chungu kitaongezwa kwanza.

Kero ya kila mwaka ni ucheleweshaji. Mgao umeandikwa kwenye katiba, lakini anayebonyeza kitufe cha kutuma ni Hazina. Magavana hutishia kufunga ofisi, wauza vifaa hukaa na ankara zisizolipwa, na kaunti nyingi hazifikii kile walichoahidi kukusanya wenyewe.

*Mwajiri.* Gavana anachaguliwa, na kila kaunti ina bodi yake ya utumishi wa umma. Mabunge ya kaunti yanaweza kumshtaki gavana na Seneti ikaamua. Uzuri na ubaya wa kuhamisha ajira ulionekana kwa madaktari. Makubaliano ya mishahara ya 2013 yalikuwa yametiwa saini na serikali ya kitaifa, huku madaktari wenyewe wakihamia kaunti. Mgomo ulianza Desemba 2016 ukamalizika Machi 2017, siku 100, na sehemu kubwa ya muda ilikwenda kwenye swali la nani hasa mwajiri. Anayepanga kuhamisha sekta ya afya aandike masharti ya mpito kabla ya kuandika hotuba.

*Wachache.* Kaunti ilimpa aliyekuwa mdogo kitaifa nafasi ya kuwa mkubwa nyumbani. Hapohapo ikamfanya jirani yake, aliyekuwa mwananchi tu, kuwa mdogo wa kaunti. Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 inataka angalau asilimia 30 ya nafasi za kuingilia kazini ziende kwa watu wasio wa jamii kubwa ya kaunti. Kuwepo kwa sheria hiyo peke yake kunakuambia hofu ilikuwa wapi.

*Gharama.* Magavana 47, mabunge 47, wadi 1,450. Mlipa kodi anaijua hesabu hiyo.

*Zahanati.* Kabati tupu, na jina la wa kubanwa linajulikana hadi kijijini: gavana. Yeye atasema Hazina haijatuma, Hazina itasema imetuma, na KEMSA, bohari ya dawa ya taifa, itasema kaunti ina deni. Mama hatapata dawa kwa majibizano hayo. Tofauti ni kwamba ana kura inayomfikia mmoja wa wanaojibizana.

*Inawafaa* watu waliosahauliwa na bajeti kwa miongo, ambao kilometa za kwanza za lami au chumba cha kwanza cha upasuaji ni jambo la uhai. Haiwafai wanaotarajia ugatuzi upunguze wizi. Wizi nao ulishuka mashinani, ila sasa uko karibu na macho ya watu.

Njia ya tatu: mamlaka ya pekee kwa sehemu moja

Nchi inabaki kama ilivyo, lakini sehemu moja yenye historia yake inapewa serikali yake. Zanzibar ni mfano mmoja. Uskoti ni mwingine, tangu sheria ya Bunge la Uingereza ya 1998.

*Kufuli.* Hapa mifano hiyo miwili inaachana. Zanzibar ina Rais, Baraza la Wawakilishi na katiba yake ya 1984. Baadhi ya mambo ya Muungano hayabadiliki bila theluthi mbili ya wabunge wa Bara na theluthi mbili ya wabunge wa Zanzibar, kila upande ukihesabiwa peke yake. Hata hivyo orodha ya mambo ya Muungano iliyoanza na 11 mwaka 1964 leo ina vipengele 22, na huo ndio mzizi wa manung'uniko mengi. Uskoti haina kufuli la namna hiyo, kwa kuwa Bunge la London kisheria linabaki kuwa juu. Januari 2023 serikali ya Uingereza ilitumia kifungu cha 35 cha sheria ile ya 1998 kuuzuia muswada uliokwisha kupitishwa na Bunge la Uskoti kule Edinburgh.

*Pesa.* Katiba ya Muungano inataja Akaunti ya Fedha ya Pamoja na Tume ya Pamoja ya Fedha, ibara za 133 na 134. Fuatilia orodha za "kero za Muungano" za miaka yote na utaikuta akaunti hiyo humo. Uskoti hupata fungu linalopanda na kushuka kufuatana na matumizi ya England, kwa hiyo uamuzi wa afya wa London unagusa bajeti ya Edinburgh bila mtu kuulizwa.

*Mwajiri.* Ni serikali ya huko kwa mambo yasiyo ya Muungano. Hili ni safi kuliko kwingine kote.

*Wachache.* Shida inageuka: waliobaki nje ndio wanaouliza. Tanganyika iko wapi? Mbunge wa kutoka Zanzibar anapiga kura Dodoma kuhusu halmashauri za Bara, ilhali mbunge wa Bara hagusi shule za Pemba. Waingereza wana swali hilohilo kuhusu England. Tume ya Jaji Joseph Warioba ilijaribu kulijibu mwaka 2013 kwa serikali tatu na mambo ya Muungano saba, jambo ambalo, ukilitazama vizuri, lingeihamisha nchi kutoka njia hii hadi ya nne. Bunge Maalumu likarudisha serikali mbili na kupitisha Katiba Inayopendekezwa Oktoba 2014. Kura ya maoni iliyopangwa Aprili 2015 iliahirishwa.

*Gharama.* Serikali moja ya ziada badala ya 47.

*Zahanati.* Afya si jambo la Muungano. Mama wa Wete, Pemba, anajua wizara iko Unguja, na waziri wake anahojiwa na Baraza ambalo yeye mwenyewe amelipigia kura.

*Inawafaa* nchi ambayo madai ya kujitawala yana anwani moja. Haifai pale ambapo mikoa mitano inadai kwa sauti moja, maana ukimpa mmoja wanne watauliza kwa nini.

Njia ya nne: shirikisho

Hapa sehemu si watoto wa serikali kuu. Zina hadhi yake, mara nyingi na katiba au mabunge yenye nguvu ya kutunga sheria nyingi, na serikali kuu haiwezi kuzifuta.

*Kufuli.* Kwenye karatasi ndilo zito kuliko yote. Kenya ilikuwa na kitu cha jamii hii mwaka 1963: mikoa saba yenye mabunge yake, iliyopiganiwa na chama cha KADU cha Ronald Ngala. Chama cha KANU kilichoshika dola kikachelewesha pesa na watumishi, KADU ikajivunja Novemba 1964, na jamhuri ilipozaliwa tarehe 12 Desemba mwaka huo majimbo yalikuwa yamekwisha. Seneti ikafuata mwaka 1966. Walioandika ile katiba waliweka kufuli kwenye mlango wa mbele, na mfuko wakauacha dirishani. Ethiopia ilikwenda mbali zaidi: ibara ya 39 ya katiba ya 1995 inatambua hata haki ya kujitenga. Ibara hiyo haikuizuia vita ya Tigray ya 2020 hadi 2022. Wala haki haitendeki ukisema ndiyo iliyoileta peke yake.

*Pesa.* Nigeria hugawa mapato ya pamoja kila mwezi, na maeneo yanayotoa mafuta hupata angalau asilimia 13 kwa ajili ya asili ya mali hiyo. Wenye rasilimali hupenda kifungu hicho, wasio nayo huhesabu siku za mgao. Majimbo mengi hayawezi kujiendesha bila hundi ya Abuja, kwa hiyo jina ni shirikisho na tumbo liko palepale.

*Mwajiri.* Jimbo lenyewe, kwa upana zaidi kuliko kaunti.

*Wachache.* Shirikisho linachora mipaka, na kila mpaka unaacha mtu upande usio wake. Nigeria ilianza uhuru na kanda tatu, zikawa nne, majimbo 12 mwaka 1967, 19 mwaka 1976, na 36 mwaka 1996. Ethiopia ilianza na mikoa tisa, sasa 12, ya karibuni kwa sehemu kubwa ikiwa imezaliwa kwa kura za maoni za watu waliojiona wamemezwa na wakubwa wao. Ukifungua mlango huu, usidhani utafungwa kesho yake.

*Gharama.* Kubwa.

*Zahanati.* Hapa shirikisho lina mtego ambao wengi hawauoni. Madaraka yanaweza kufika kwa gavana na kugoma kushuka zaidi. Nigeria ina serikali za mitaa 774 zilizotajwa ndani ya katiba, lakini pesa zake zilipitia akaunti ya pamoja na jimbo, na nyingi hazikuvuka. Ilichukua hukumu ya Mahakama ya Upeo ya Julai 2024 kusema fungu hilo liende moja kwa moja kwa serikali za mitaa. Mama wa zahanati alikuwa na gavana mwenye nguvu kuliko gavana yeyote wa Kenya, na kabati lilelile.

*Inawafaa* nchi kubwa yenye makundi makubwa machache ambayo yasingekubali kuwa nchi moja bila dhamana hiyo. Kama hoja yako ni huduma tu, barabara na dawa, shirikisho ni nyundo kubwa mno kwa msumari huo.

Ukiwa wapi, uelekee wapi

Kama kinachokuumiza ni huduma mbovu, na huna ugomvi wa utambulisho na mtu, anza na njia ya kwanza, lakini dai mambo mawili yaingizwe katibani: mkurugenzi aajiriwe na halmashauri, na chanzo kimoja cha kodi kisichoondoleka, mathalani kodi ya majengo. Hayo mawili yana uzito kuliko bunge zima la mkoa.

Kama eneo lako limepitwa na bajeti miaka nenda miaka rudi, sheria ya kawaida haitakutosha. Elekea njia ya pili, na ugombane zaidi kuhusu tarehe ya kutuma pesa kuliko asilimia. Asilimia 15 inayofika Julai, mwaka wa fedha unapoanza, ina thamani kuliko 35 inayofika Mei, unapokaribia kwisha.

Kama madai ni ya sehemu moja yenye historia yake, njia ya tatu itatuliza bila kuigeuza nchi nzima juu chini. Jiandae tu na swali la waliobaki, na ulijibu kwenye rasimu yenyewe, maana likiachwa litaibuka kila uchaguzi.

Kama mnatoka vitani, au mnaunganisha nchi zilizokuwa mbalimbali, shirikisho huenda likawa bei ya kukaa meza moja. Basi andikeni haki za serikali za mitaa humohumo, pamoja na namba za akaunti zao, kabla magavana hawajapata mazoea.

Na kama wewe ni mpiga kura tu, una rasimu mkononi na siku chache mbele, isome kinyumenyume. Anza na majedwali ya mwisho, ndipo kazi zinapogawanywa. Nenda kwenye masharti ya mpito, uone watumishi na madeni ya zamani yanakwenda kwa nani. Kisha sura ya fedha, kisha ibara ya marekebisho. Utangulizi uache mpaka mwisho kabisa. Ukikuta maneno "kama itakavyoelekezwa na sheria" kwenye ibara ya fedha, weka alama ya penseli. Ukiyakuta tena kwenye ibara ya ajira, weka ya pili. Yakitokea mara ya tatu kwenye orodha ya majukumu, unachosoma ni njia ya kwanza, hata kama jalada limeandikwa ugatuzi kwa herufi kubwa.